Edi, Unapokwenda Kuwafundisha Madaktari Kompyuta

Masasi, jioni

Mwanangu Edi,

Baba yako yuko barazani anafungua begi lako alifunge upya, kwa sababu anaamini wewe hujui kufunga begi. Mambo yote ya safari nimemwachia yeye. Yeye ndiye atakayekwambia ukae upande gani wa basi jua lisikupige, usile nini njiani, pesa uziweke mfuko upi, na kwa nini blanketi lazima litoke Masasi mpaka Mwanza kama vile Mwanza watu hulala bila kujifunika. Msikilize, na kila akinyamaza kidogo mwitikie "ndiyo, baba." Amefundisha jiografia maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya mwisho anakuwa na mwanafunzi ambaye hawezi kutoroka.

Mimi nimejifungia chumbani na karatasi zangu. Ninalotaka kukwambia ni la kazi.

Unakwenda kwa watu wanaouza mfumo wa kompyuta wa kuendeshea zahanati na hospitali za watu binafsi. Utaingia kwa daktari mmoja, utoke uende kwa mwingine, kila mmoja umwambie aache makaratasi, aandikishe wagonjwa kwenye kompyuta, aangalie stoo yake ya dawa kwenye kompyuta, madai ya bima ayatume kwa kompyuta. Kompyuta unazijua, hilo sina wasiwasi. Madaktari ndio huwajui. Umeishi na mmoja tangu umezaliwa na bado huwajui. Basi acha nikusimulie habari za daktari mbishi kuliko wote utakaokutana nao, ukimkuta huko mbele usije ukamchukia.

Wewe ulikuwa bado chuoni. Alikuja zahanati kwangu kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, amevaa tai, na joto lile la Masasi la kusubiri mvua. Kwapani kabana laptopu. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana hela mfukoni, na mtu akiwa na hela mfukoni ndipo anapokumbuka kwamba mgongo umekuwa ukimuuma tangu Pasaka. Watu walijaa mpaka nje. Nikamwambia Sista Mwanahawa, "Yule mwenye tai akae kwenye benchi kama wengine."

Sista Mwanahawa unamjua. Hakai mtu kwenye benchi lake bila kupimwa. Alimpima uzito yule kijana, akampima joto, akamfunga mkono akampima presha, akampa kadi. Zamu yake ilipofika aliingia kwangu ameishika ile kadi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Daktari, shikamoo. Mimi sikuja kutibiwa. Nimekuja kukuonyesha mfumo wa kisasa wa…"

"Marahaba. Presha yako iko juu. Unalala vizuri?"

"Naam?"

"Usingizi. Unaupata?"

Akaweka laptopu chini, akalegeza tai, akaanza kunieleza habari za bosi wake, na mtoto mchanga asiyelala, na mikoa yote ya kusini aliyopewa peke yake. Alikaa sana. Alitoka na ushauri wangu na miadi ya kurudi kupimwa, mfumo hakuuza. Karatasi zake za rangirangi niliziacha dirishani zizuie dirisha lisigonge upepo ukivuma. Jioni nilimsimulia baba yako tukiwa tunakula. Alicheka mpaka kisamvu kikampalia.

Nilijiona nimeshinda. Lakini yule kijana, kabla hajatoka, aliniuliza swali moja zuri. Aliuliza, "Daktari, huwa unajuaje kama dawa fulani inakaribia kuisha?" Nikajigonga kwenye paji la uso kwa kidole. "Hapa," nikamwambia. Na niliamini.

Halafu ukarudi wewe na cheti chako, na mfumo kama ule ule, na huna tai. Wewe sikuweza kukuweka kwenye benchi. Nilikubali hata kabla hujamaliza sentensi, na wewe ukadhani nimekubali mfumo. Mwanangu, nilikukubali wewe. Huko Mwanza utakuta madaktari wengi wa namna hiyo, wanaosema ndiyo haraka. Anayebisha ana maswali, ukimjibu anaweza kugeuka. Huyu wa "sawa sawa, weka tu, hakuna shida" ndiye wa kumwangalia, kwa sababu ameshaamua kutokuigusa.

Unakumbuka ile kompyuta ilivyokaa mezani kwangu? Wiki ya kwanza nilifuma kitambaa. Cheupe, na maua ya njano pembeni. Nikaifunika. Nilikwambia ni vumbi, na kweli Masasi kuna vumbi, lakini vumbi lile halikuhitaji maua. Wiki ya pili juu ya kitambaa nikaweka chombo chenye maua ya plastiki. Mgonjwa mmoja wa Lukuledi aliuliza kama nimenunua televisheni. Nikamwambia ndiyo, lakini haijapata king'amuzi.

Mchana niliandika kwenye karatasi kwa ule mwandiko wangu ambao hata mimi nikiuacha ukakaa mpaka kesho yake siwezi kuusoma. Jioni, wagonjwa wakishaondoka, Sista Mwanahawa alikaa mapokezi akawaingiza wote kwenye mfumo. Wewe kwenye simu yako uliona wagonjwa wameandikishwa, ukafurahi. Ulikwenda Lulindi kwa bibi ukatangaza mlangoni mwa kanisa kwamba mama yako ni daktari wa kisasa. Nilipigiwa simu za pongezi. Nilizipokea.

Uliniuliza baadaye, kwa hasira, kwa nini sikuigusa ile kompyuta. Sikukujibu. Sasa nakujibu.

Siku ya kwanza ulipoondoka na kuniacha peke yangu na kile kitu, aliingia mama mmoja na mtoto mwenye homa. Nikasema hebu nijaribu. Nikatafuta herufi M. Edi, nimesoma tangu shule ya misheni mpaka chuo kikuu, nimezalisha wanawake usiku kwa taa ya chemli, na pale nilikaa natafuta M kama mtu aliyedondosha sindano mchangani. Yule mama aliningoja. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Kisha akauliza kwa upole, "Daktari mwenyewe hayupo leo?"

Ndiyo hiyo. Hakuna kingine. Daktari anaogopa kuonekana hajui mbele ya mtu aliyemfuata kwa sababu anajua. Atakwambia mfumo ni ghali, atakwambia umeme unakatika, mtandao wa huku ni wa kuvizia juu ya jabali, siri za wagonjwa zitavuja. Mengine ni kweli, na uyajibu kwa heshima. Lakini chini ya yote hayo mara nyingi kuna mtu mzima anayetafuta M.

Sasa ile siku ya maonyesho. Najua hupendi kuikumbuka, vumilia.

Uliwaalika Daktari Kanisius kutoka Newala na wenzake wengine wenye zahanati zao, waje waone ninavyotumia mfumo. Hukuniuliza kwanza, ulikuwa na uhakika na mimi. Ulikuwa umepanga kwamba wakikubali wao, utafungua ofisi yako hapa hapa nyumbani na hutahitaji kwenda kutafuta kazi mbali. Nilijua hilo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilijaribu kujifunza mambo yote kwa mpigo, kama mwanafunzi aliyecheza muhula mzima.

Wakakaa nyuma yangu, wamekunja mikono. Mgonjwa alikuwa Mzee Chilumba wa Chilangala, aliyeshuka kuja kutibiwa magoti. Nilianza vizuri. Jina, kijiji, umri. Kisha nikatakiwa kuchagua anakwenda wapi, na kile kipanya kikaniteleza, nikamwingiza kliniki ya wajawazito.

Sikuona. Na nilipoona, sikujua namna ya kurudi nyuma. Nikafanya anachofanya daktari aliyekwama mbele ya watu, nikaendelea kwa kujiamini. Nilikuwa nimeshajizoesha kusoma kwa sauti kila swali linalotokea, basi hili nalo nikalisoma.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Mzee Chilumba akavua kofia, akaiweka juu ya magoti yake mabovu, akafikiri.

"Siku zangu, Daktari? Siku zangu mie nadhani zimebaki chache. Ila za mwisho sijaziona bado."

Nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa. Alikuwa Kanisius, hakuwa na kikohozi. Mfumo ukawa hauendi mbele mpaka nijaze tarehe, nikajaza ya siku hiyo ili tu unitoe pale. Mashine ya kuchapisha, ambayo siku zote ilikuwa inagoma, siku hiyo ikafanya kazi kama imelishwa. Ikatoa kadi. Kanisius akaichukua, akavaa miwani, akaisoma.

"Hongera sana, mzee. Unajifungua msimu wa mbaazi."

Mzee Chilumba akauliza, "Na magoti?"

Walicheka mpaka mmoja wao akatoka nje kushika nguzo. Mimi nilicheka pia, kile kicheko cha midomo. Wewe peke yako hukucheka. Kanisius alipokuwa anaaga alikupiga begani akakwambia, "Kijana, nakushukuru. Mimi nitabaki na karatasi zangu, hazijawahi kunitilia mtu mimba." Wakapanda gari, na ofisi yako ikaondoka nao.

Pale uani uliniuliza, "Mama, huu mfumo umekuwa ukiutumia kweli?"

Nikasema, "Nautumia."

Sista Mwanahawa alikuwa mlangoni anakung'uta ufagio. Akasema, "Anautumia kupitia mimi." Halafu, kwa sababu alishaanza, akamaliza. "Daktari, sikutaka kusema mbele ya mtoto. Lakini kila jioni nakaa hapa kuandika upya yaliyoandikwa mchana. Nafika nyumbani wamelala. Mwanangu mdogo juzi ameniita shangazi."

Hilo, Edi, sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilidhani ninachokikataa kinakaa pale chini ya kitambaa, hakimdhuru mtu. Kumbe kila nilichokataa kukibeba kilikuwa kinabebwa na mwingine, na mwingine huyo alikuwa anachelewa kwa watoto wake. Nilimwambia tangu siku ile aache kuandika upya wagonjwa, abaki na hesabu ya dawa tu, asichelewe nyumbani. Wewe nawe ukaacha kusema na mimi. Ulikuwa na adabu zako lakini. Kila asubuhi "shikamoo, mama," nami "marahaba, mwanangu," basi, mpaka shikamoo ya kesho. Baba yako alikuwa anakaa katikati yetu mezani anauliza nani ampe chumvi, na wote tunampa.

Bado sikubadilika. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hubisha zaidi.

Kilichonigeuza hukukiona, ulikuwa umekwenda Mtwara. Kuna binti wa Lulindi anaitwa Agnes, ana kifafa. Mama yake humleta kila mwezi kuchukua vidonge, na akivinywa vizuri anakwenda shule, anaimba kwaya, hujui kama anaumwa. Siku hiyo wakaja. Kijana wa dirisha la dawa akanifuata akaninong'oneza kwamba vidonge vile vimekwisha. Nikamwambia haiwezekani. Nikajiuliza hapa kwenye paji la uso, na hapa hapakuwa na kitu. Kumbe hata Agnes mwenyewe alikuwa amekaa siku kadhaa bila dawa, wakitegemea kuzipata kwangu.

Niko kwenye simu napigia maduka ya dawa, nikasikia benchi linaburuzika. Agnes alikuwa sakafuni. Tulimlaza ubavu, tukamwekea khanga chini ya kichwa, nikamchoma sindano, tukangoja. Alirudi. Alifumbua macho akaomba maji. Mama Agnes alikuwa anamfuta mdomo kwa pembe ya kitenge, akaniambia bila hasira yoyote, "Daktari, kama dawa haipo, si ungeniambia tu? Ningemtafutia kwingine mapema."

Angefoka ingekuwa afadhali.

Walipolala kwenye chumba cha mapumziko nilirudi mezani. Nikaondoa maua ya plastiki. Nikaondoa kitambaa. Ule ukurasa ulioniwekea wewe, wa mwenye zahanati, ambao hakuna mwingine anayeweza kuufungua, nilikuwa sijaugusa tangu siku ya maonyesho. Nikaufungua. Pale juu kulikuwa na maandishi mekundu: dawa ya Agnes, imebaki kidogo, agiza. Onyo lilikuwa la wiki iliyopita. Sista Mwanahawa alikuwa ameingiza kila kidonge kilichotoka, jioni baada ya jioni, na mfumo ulikuwa umehesabu, ukaniita. Uliniita ukiwa umefunikwa maua ya njano.

Kitambaa kile nilimpa Mama Agnes afunikie kapu la mayai. Alikipenda sana.

Basi wiki hiyo hiyo simu ikalia. Kanisius.

"Mama Edi! Habari za huko chini?"

"Salama, habari za mlimani?"

"Baridi tu. Sikiliza, nina swali. Si langu, ni la rafiki yangu."

"Rafiki yako kafanyaje?"

"Amemfisha mgonjwa."

Nikakaa chini. "Pole sana. Amekufa kwa nini?"

"Hajafa. Yuko hapa nje amekaa anakula korosho. Ila kwenye kompyuta amekufa."

Nikauma pindo la khanga nisije nikacheka.

"Unajua pale," akaendelea kwa sauti ya chini, "kuna 'ameruhusiwa' na kuna 'amefariki.' Wameviweka jirani. Sijui ni mtu gani mwenye akili aliyeviweka jirani. Sasa leo amerudi kucheki kidonda, mfumo unakataa. Unasema marehemu hawezi kupewa miadi. Na mimi bila kufikiri nikakisoma kile kitu kwa sauti. Mke wake yuko naye. Ameanza kulia."

"Kanisius, si ulisema unabaki na karatasi zako?"

Akasema, "Nilikucheka sana siku ile, ningekujaje tena kumwomba mwanao? Nikamwomba mkwe wangu aniwekee kimyakimya. Madai yangu ya bima yanarudishwa kila mwezi, Mama Edi. Wanasema mwandiko hausomeki. Nimechoka."

Nikamwambia ngoja nimwite Edi.

"Usimwambie mtu! Hasa yule mtoto."

Na mimi, badala ya kumwambia asiwe mjinga, nilimwelewa kabisa. Nikamwambia, "Sijui chochote kuliko wewe. Lakini Jumapili baada ya ibada napanda."

Ile mikutano ya akina mama wa kanisa Newala, Edi, ambayo baba yako alishangaa imekuwaje mingi hivyo mwaka huu, haikuwa ya akina mama. Ilikuwa ya wawili, na mmoja ni Daktari Kanisius. Baba yako nilimwambia baadaye. Akaniuliza kama huko kwenu kuna na somo la jiografia.

Tulikuwa tunakaa sebuleni kwake, mapazia yamefungwa, nje ukungu umeshuka mpaka huoni lango. Kanisius amevaa sweta na kofia ya sufu, kompyuta juu ya meza ya chakula. Mke wake, Mama Deo, alikuwa analeta chai na mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, anasimama mlangoni anatutazama.

"Nyie watu wazima," anasema, "mnajificha kama watoto wanaovuta bangi."

Tulijiandikisha sisi wenyewe kuwa wagonjwa. Nilimpa Kanisius jongo, akanipa mapacha. Nikamlaza, akanihamishia hospitali ya mkoa, nikamtoza kitanda, akabisha, tukajifunza kufuta malipo. Aliniua kwa bahati mbaya mara kadhaa, na kila akiniua Mama Deo anasema, "Yesu na Maria," kisha anamimina chai. Jioni moja tukagundua wenyewe namna ya kumrudisha aliyefariki kwa makosa. Kanisius aliruka kwenye kiti. Kesho yake asubuhi alimwita yule mgonjwa wa kidonda, akamweleza kwamba mambo yamekaa sawa, sasa yu hai tena kila mahali.

"Namshukuru Mungu," yule bwana akasema. "Sasa naruhusiwa kwenda shamba?"

Niliwahi kujiuliza kwa nini nilishindwa kujifunza kwako, mwalimu mwenye subira na kompyuta nzuri, nikajifunza kwa mzee mwenzangu asiyejua kitu. Nadhani ni kwa sababu mbele yake sikuwa na cha kupoteza. Alikuwa ananiona nakosea, nami namwona anakosea, na hakuna mgonjwa kwenye benchi. Ukifika kwa daktari huko, usimfundishe mbele ya wauguzi wake wala mbele ya wagonjwa. Mwachie mfumo wenye wagonjwa wa uongo, mwachie na mapazia. Kama kuna daktari mwenzake jirani ambaye naye anahangaika, wakutanishe, halafu wewe uondoke ukanywe soda.

Na kuna jambo moja ambalo sikukosea, nataka ulijue pia, usije ukadhani mfumo wako una haki ya kila kitu. Nilipoanza kweli kutumia kompyuta, bibi mmoja aliniambia, "Daktari, leo umeninunia?" Nilikuwa nimempa mgongo nusu saa nikiandika maumivu yake. Alikuwa analia na mimi naangalia skrini. Siku hiyo niliigeuza meza yangu yote ikakaa ubavu, ili nikiandika bado namwona mtu usoni. Kwa hiyo ukiingia chumba cha daktari, kabla hujatoa laptopu, tazama meza imekaaje. Daktari akikwambia anaogopa kumpoteza mgonjwa, usimwone mshamba. Msaidie kusogeza meza.

Nikusimulie siku moja tu zaidi. Mbaazi zilikuwa zinavunwa. Mama Agnes alikuja na binti yake. Dawa ilikuwepo, kwa sababu ule wekundu nilikuwa nimeuona mapema nikaagiza, na iliyopungua kwangu nikaazima kwa Kanisius, maana tulikuwa tunaoneshana stoo zetu. Agnes alichukua vidonge vyake. Mama yake akakaa kidogo, tukazungumza habari za mbaazi na za mchungaji mpya, akaaga, wakaenda. Hakikutokea kitu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakipanda bodaboda, na nilitaka kumsimamisha kila mtu anayepita njiani nimwambie: mmeona? Hakikutokea kitu! Lakini hakuna njia ya kujisifu kwa degedege ambayo haikutokea. Utafanya kazi ambayo matunda yake makubwa hayataonekana, Edi. Watu watakupigia simu mfumo ukigoma. Ukifanya kazi hakuna atakayekupigia.

Ulinikuta asubuhi moja nimefungua ukurasa wangu mwenyewe, bila kuitwa na mtu, naagiza dawa. Ulivuta kiti ukakaa kando yangu, ukaniuliza kama nimeshakunywa chai. Lilikuwa neno lako la kwanza nje ya shikamoo kwa muda mrefu. Nikasema bado. Ukaenda kuileta.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumalizia, kabla baba yako hajaja kugonga mlango kuuliza soksi.

Barua ya kazi ya Mwanza ilipokuja, wote tulishangilia, na mimi nilishangilia kuliko wote. Tangu siku ile umekuwa ukishangaa kwa nini mama amerudi nyuma. Kwa nini sijui kuchapisha risiti, nilizojua kuchapisha zamani. Kwa nini kila baada ya chakula cha mchana mfumo wangu "umeganda," nakuita, unakuja na kiti chako unakaa pale, unanionyesha polepole kama mtoto wa chekechea, "hapa mama, bofya hapa," na mimi nauliza wapi, na wewe unanishika mkono unanipeleka. Ulimwambia baba yako una wasiwasi kuniacha, kwamba labda nazeeka.

Sizeeki. Risiti naweza kuchapisha nimefumba macho. Taarifa ya mwezi nilishaitengeneza na kuituma kabla hujaamka leo. Nilikuwa nataka tu ukae pale kando yangu.

Nenda salama, mwanangu. Huko kuna madaktari ambao kweli hawajui.

Mama yako